Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Mama Kaunta hakuwa mtu wa wivu. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu, na aliwaambia mara nyingi kuliko walivyomuuliza. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu tangu aolewe alikuwa anakaa nyuma ya kaunta ya gereji ya mumewe, kwenye kiti cha plastiki chenye mto uliokwisha kubonyea, akiuza fyuzi, plagi na mafuta ya breki, na kupokea simu ya gereji. Nyuma ya kiti chake palikuwa na dirisha la wavu lililotazama ndani, kule magari yanakotengenezwa. Kupitia dirisha hilo aliona kila kilichofanyika, na kwa kuwa kuta zilikuwa tupu na paa la bati, alisikia pia kila kilichosemwa.

Shida ni kwamba hapakuwa na kilichosemwa. Mumewe alikuwa fundi wa magurudumu na wateja walimwita Fundi Bubu. Jina lenyewe halikumkera, maana kukereka kungemlazimu aseme neno. Ukimletea gari alilizunguka, akachuchumaa, akatikisa gurudumu kwa mikono miwili, kisha akaguna. Mguno mmoja maana yake liache hapo. Miguno miwili maana yake rudi. Waliomzoea walielewana naye vizuri tu, na wasiomzoea walikuja kaunta kutafsiriwa.

Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Mama Kaunta alikuwa amemzalia mabinti, wakakua, wakaolewa, wakaondoka, na mpaka leo hakujua mumewe anawaza nini anapokikodolea macho kikombe chake cha chai. Alikuwa amelikubali hilo. Alijiambia kwamba kuna wanaume wa maneno na kuna wanaume wa kazi, yeye kapata wa kazi, yaishe. Na yangekuwa yameisha kweli, kama si Mpiga Picha.

Mpiga Picha alikuwa dada mmoja mrefu, aliyevaa suruali ya mifuko mingi na kuning'iniza kamera shingoni. Kucha zake zilikuwa nyekundu, zimepakwa vizuri bila mchirizi. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi, mji huu leo, mji ule kesho, na gari lake dogo jeupe lilikuwa limejaa taa na miamvuli ya studio. Kaka yake alikuwa amefariki na kumwachia seti ya rimu pana alizozipenda mno. Dada wa watu akazifunga kwenye gari lake kwa ajili ya kumkumbuka, na sasa kila akikata kona, matairi ya nyuma yanakwaruza shokomzoba kwa ndani. Mtu fulani akamshauri anunue spesa, yale maduara ya chuma yanayowekwa kati ya gari na rimu ili gurudumu lisogee nje kidogo. Alikuwa amekwisha kuzinunua sokoni. Alizitoa kwenye mfuko wa nailoni akamkabidhi fundi.

Mama Kaunta alikuwa anahesabu fyuzi. Alisubiri mguno.

"Hizi zimetobolewa matundu mengi," Fundi Bubu akasema. "Umeambiwa zinaingia gari lolote?"

"Ndiyo."

"Kinachoingia gari lolote hakijapimwa kwa lako. Warudishie."

Fyuzi zikamponyoka Mama Kaunta. Mumewe alikuwa amesema sentensi nne mfululizo kwa mtu asiyemjua, tena hajamaliza. Dada yule aliuliza, sasa anunue zipi? Fundi Bubu akafuta mikono, akavuta kigoda, akamketisha, akaanza kueleza. Alieleza kwamba kwanza idadi ya boliti na umbali kati yake viwe vilevile kama vya gari, si vya kukaribiana. Pili, tundu la katikati likae juu ya habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, bila kucheza, kama mfuniko unavyokaa kwenye sufuria yake, ili uzito wa gari uchukuliwe na habu, usiziangukie boliti. Halafu akaingia kwenye unene. Akaweka rula kati ya tairi na shokomzoba, akaiweka tena kati ya ukingo wa tairi na madigadi. Dada alitaka nene, za kulipanua gari lionekane limekaa. Fundi akakataa. Inatosha tairi liachane na shokomzoba kwa upana wa kidole, alisema, na lisichungulie nje ya madigadi, kwa sababu kadiri gurudumu linavyokwenda nje ndivyo linavyozitesa beringi.

"Zinateswaje?" dada akauliza.

Fundi Bubu akachukua galoni la maji, akampa alishike karibu na kifua. Kisha akamshika kiwiko, akamnyoosha mkono taratibu mpaka galoni likawa mbali na mwili. Mkono wa dada ukaanza kutetemeka, wakacheka wote wawili.

Pale nyuma ya wavu, roho ilimuuma Mama Kaunta, ikamuuma hasa. Kilichomuuma hakikuwa kile kiwiko, ingawa kiwiko nacho alikiona. Alikuwa ameuza spesa miaka na miaka kwa kusoma namba ya boksi tu, na hakuna hata siku moja mtu aliyemketisha akamwambia kitu hiki kinafanya nini. Leo mwanamke wa kuja na kuondoka anamwagiwa maneno ambayo yeye hajayapata kwa ndoa nzima. Alijiinamia kwenye fyuzi zake, akajitia hamnazo. Lakini masikio yalibaki kule dirishani, na hayakupitwa na neno.

Spesa sahihi ziliagizwa, zikafika, na Mpiga Picha akaja kufungiwa. Angeweza kuliacha gari akaenda zake, kama wateja wenye haya. Yeye alisimama palepale, anauliza hiki na kile. Na Fundi Bubu anajibu. Mbona anaisugua habu kwa brashi ya waya wakati inaonekana safi? Kwa sababu chembe ya kutu au rangi ikibaki nyuma ya spesa, spesa haikai bapa, na siku chembe hiyo ikisagika, nati zote zitakuwa zimelegea. Mbona anapitisha kidole pale juu? Anahakikisha boliti za gari hazijachomoza kupita spesa, zisije zikaizuia rimu kulala. Mbona anaruka nati ya jirani na kukaza ya ng'ambo? Ili spesa ivutwe sawasawa, isikae upande. Na ile spana ndefu? Hiyo ni ya kupimia. Unaipangia kiasi cha nguvu, ukifika inalia tik, na ikishalia unaacha, hata kama una misuli ya kubeba gari.

Kisha akamweleza jambo ambalo Mama Kaunta alilikumbuka baadaye kila alipofumba macho. Spesa za aina hii, alisema, zina nati za namna mbili. Za ndani zinaikaza spesa kwenye gari. Za nje zinakaza gurudumu kwenye spesa. "Hizi za nje utaziona kila siku," akasema. "Za ndani huzioni mpaka ufungue gurudumu. Na hizo ndizo zinazoua mtu. Chuma kipya lazima kijikalie kwanza. Kwa hiyo zungukazunguka humu mjini siku chache, na kabla hujasafiri, lazima urudi nizikaze tena."

Ilikuwa desturi yake kila akimaliza kukaza kuchora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho pembeni yake. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na wewe unajua. Siku hiyo akafungua kopo lake akakuta rangi imekauka. Mpiga Picha akafungua mkoba, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, ileile nyekundu ya vidoleni mwake, akampa. Fundi Bubu akakishika kile kiburashi kwa vidole vyake vinene vilivyojaa grisi, akachora nati baada ya nati, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Na dada akawa anapiga picha.

Alipokuja kulipa alimwonyesha Mama Kaunta picha moja kwa nia njema kabisa. "Muone mumeo, mama."

Mama Kaunta akamwona. Fundi Bubu alikuwa anacheka kinywa wazi, macho yamefumba, meno yote nje, mpaka pengo la gego lililong'olewa. Lile pengo Mama Kaunta aliamini linajulikana na watu wawili tu duniani, yeye na daktari wa meno. Akasema picha ni nzuri. Akampa dada chenji yake, akamtakia siku njema, kisha akaingia stoo akakaa juu ya boksi la filta mpaka gari jeupe lilipotoka getini.

Kuanzia hapo kichupa kile kikahamia kwenye mfuko wa kifua wa ovaroli ya Fundi Bubu, kwa maelezo kwamba rangi yake inakauka haraka. Maelezo yenyewe yalikuwa neno moja, "Inakauka." Kila gari lililotoka gerejini sasa lilitoka na mistari myekundu, na kila mstari ulimchoma Mama Kaunta jichoni. Alimnunulia mumewe kopo jipya la rangi nyeupe. Mumewe akaguna, akaliweka rafu ya juu kabisa. Siku ya kufua Mama Kaunta alikitoa kichupa mfukoni akakificha kwenye debe la unga, na mumewe akakitafuta uvunguni, kabatini na nyuma ya redio kwa sura ya mtu aliyepotelewa na pete ya ndoa. Mama Kaunta akakirudisha, na tangu hapo hali ikawa mbaya zaidi, maana sasa alijua kinapendwa kiasi gani.

Usiku na mchana aliyachambua yale maneno. Lazima urudi. Kwani wateja wengine hawakuambiwa warudi? Waliambiwa, tena yeye mwenyewe ndiye aliyewatafsiria ile miguno miwili. Lakini wao waliguniwa tu. Huyu aliambiwa kwa kinywa, tena kwa "lazima". Mama Kaunta alilijenga jambo hilo kichwani mwake chumba kwa chumba, mpaka likawa nyumba nzima yenye mapazia.

Asubuhi moja simu ya gereji ikaita. Alikuwa Mpiga Picha. Alisema anasafiri leo, kuna harusi mji wa mbali, na anakwenda na mama mmoja anayepamba maharusi. Atamchukua kwenye kituo cha mafuta cha mwisho, pale unapotoka mjini. Je, fundi yupo? Anaweza kupitia sasa hivi akaziwe zile nati.

Mama Kaunta akatazama kupitia wavu. Miguu ya mumewe ilikuwa inaonekana chini ya teksi ya mzee mmoja anayeitwa Mzee Honi, ambaye naye alikuwa amefungiwa spesa na alikuwa amerudi kukaziwa kama alivyoambiwa. Mfuko wa kifua haukuonekana, ila alijua kilichomo.

"Hayupo," akasema. "Na hizo nati ziko sawa, dada. Wewe nenda tu."

Dada akashukuru. Mama Kaunta akaweka simu chini, na kwa muda mfupi akajisikia mwepesi kama aliyetua mzigo. Alipanga plagi upya. Alifuta kaunta. Fundi Bubu akachungulia kutoka chini ya teksi, akauliza, "Yule wa picha hajapiga?"

"Hajapiga," akajibu.

Ule uongo wa kwanza ulimtoka wenyewe. Huu wa pili aliutamka huku anamtazama mumewe usoni, na huo haukumpa wepesi wowote. Fundi Bubu alikunja uso kidogo, akarudi kazini. Alifungua gurudumu la teksi, akaliegemeza ukutani, akaangalia mstari wake mwekundu. Halafu akashika nati moja ya ndani kwa vidole vitupu, bila spana, akaizungusha kama mtu anayefungua chupa ya soda. Mzee Honi akaondoa kofia.

"Ungefika nayo kona ya pili tu," Fundi Bubu akamwambia.

Mama Kaunta alilisikia hilo, kama alivyosikia kila kitu kupitia wavu ule. Alijua sasa, tena si kwa kukisia. Alijua kuhusu chembe inayosagika nyuma ya spesa, kuhusu chuma kinachojikalia na kuhusu nati zisizoonekana. Angekuwa mjinga angekuwa na pa kujificha. Akanyakua simu akampigia Mpiga Picha. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Yule dada alikuwa na adabu ya kutopokea simu akiwa anaendesha.

Jambo la haki lilikuwa kumwita mumewe amwambie ukweli. Alifungua mdomo. Na hata pale, wivu haukumwachia: akimwambia, mumewe ndiye atakayekwenda. Atapanda pikipiki, atamkuta dada kituoni, atachuchumaa miguuni pake na kichupa chake, atamwokoa. Akafunga mdomo. Mzee Honi na fundi walikuwa wameinamia habu kwa pamoja. Mama Kaunta akapita nyuma yao, akachukua spana ya kupimia na soketi yake kutoka juu ya benchi, akaiviringisha kwenye kanga, akatoka barabarani kusimamisha pikipiki.

Mwenye pikipiki akamuuliza, mama umebeba nini, mbona kinanichoma mbavu. Akamwambia aendeshe.

Gari jeupe lilikuwa bado pale kituoni, mlango wazi, dada anapanga masanduku nyuma. Kiti cha mbele alikuwa amekaa mama wa makamo aliyejazia, anakunywa soda kwa mrija. Mama Kaunta akashuka, akamshukuru Mungu kwa mapambo ya maharusi yenye masanduku mengi.

"Mama?" Mpiga Picha akashangaa. "Si ulisema fundi hayupo?"

"Nimekuja mimi. Toa jeki yako."

"Unajua kufanya?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na Mama Kaunta akalijibu kwa kuanza. Alimwomba yule mama ashuke kwanza, naye akashuka na soda yake akaenda kukaa kivulini. Akavuta breki ya mkono. Akatafuta mawe akazuia magurudumu ya mbele. Akalegeza nati za nje kidogo kabla ya kuliinua gari, kama alivyoona ikifanyika maelfu ya mara. Kabla hajazigusa, mistari ya nje yote ilikuwa imenyooka, mizima, myekundu, hakuna hata mmoja uliokatika. Labda yote haya ni bure, alifikiri. Labda afunge, aondoke, asiseme kitu, na hakuna atakayejua. Lakini sauti ya mumewe ilikuwa imemkaa kichwani, na ilisema za ndani.

Akalitoa gurudumu. Kwenye spesa, mistari miwili ilikuwa imekatika. Upande mmoja wa mstari ulikuwa kwenye chuma, na upande mwingine ulikuwa umekwenda na nati. Akaweka vidole kwenye nati ya kwanza, ikazunguka. Akaweka kwenye ya pili, nayo ikazunguka.

Mpiga Picha alikuwa amechuchumaa kando yake, na yeye hakuhitaji kuelezwa. Yeye alielezwa mapema, pale gerejini. Uso wake ulibadilika rangi.

"Alikuwepo ulipopiga," Mama Kaunta akasema bila kuinua macho. "Nilikudanganya. Yeye na wewe mnaongea. Na mimi haongei."

Dada hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aligeuza shingo, akatazama kule kivulini ambako mama wa mapambo alikuwa anafyonza soda iliyobaki, hajui hili wala lile, kisha akamrudishia Mama Kaunta macho. "Yule ana wajukuu," akasema. "Kaza."

Akakaza. Akaanza na hii, akaruka kwenda ya ng'ambo, akarudi, mpaka spana ikalia tik kwenye kila moja. Gurudumu la upande wa pili lilikuwa na nati moja iliyosogea kidogo. Nayo akaikaza. Ilipofika zamu ya mstari akakwama, kwa kuwa mstari wa zamani haukulingana tena na nati, na mwenye rangi alikuwa gerejini. Mpiga Picha akafungua mkoba, akatoa kichupa kingine, akamnyooshea. Mama Kaunta akafuta mistari ya zamani kwa ncha ya kanga, akachora mipya. Hakuwa amezoea kiburashi, kwa hiyo mistari yake ilitoka imepinda, ila ilianzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma, na hicho ndicho kilichotakiwa. Akarudisha magurudumu, akashusha gari, akakaza za nje likiwa chini.

"Ukirudi safari, njoo," akamwambia dada. "Utamkuta." Dada akafunga mlango, akaondoka polepole. Hakupunga mkono.

Gereji nzima ilikuwa na spana ya kupimia moja tu. Jambo hilo Mama Kaunta alilikumbuka alipofika getini akakuta teksi bado iko juu ya jeki, Mzee Honi anapiga honi yake kwa hasira, na mumewe amegeuza kila boksi chini juu. Akaiweka spana benchini. Fundi Bubu akaitazama spana, akatazama vidole vya mkewe, grisi na wekundu mpaka kwenye vifundo, akakaza teksi ya watu kwanza. Mzee Honi alipoondoka, Mama Kaunta akamweleza mumewe yote, simu, uongo wa kwanza na wa pili, na zile nati mbili. Hakujipunguzia.

Na Fundi Bubu akaongea. Hajawahi kuongea namna ile. Alimweleza kutoka mwanzo hadi mwisho jinsi nati mbili zinapolegea, zilizobaki zinavyobeba mzigo wa zote mpaka zikatike moja baada ya nyingine, jinsi gurudumu linavyotoka na gari kukaa chini kwa mwendo ule wa barabara kuu, na nani angekuwa ndani. Alimweleza kwa sauti ya chini, bila kukimbilia. Mama Kaunta alikuwa ametamani miaka yote mumewe amketishe na kumweleza jambo kwa kirefu. Siku hiyo aliketishwa, kwenye kigoda kilekile, na jambo lenyewe lilikuwa ubaya wake. Alipomaliza, Fundi Bubu alichukua simu ya gereji kutoka kaunta, akaitia mfukoni mwake.

Hilo ndilo lililomliza Mama Kaunta. Alipoweza kusema tena akamuuliza, "Kwa nini yeye ulimweleza yote yale?"

Fundi Bubu akafikiri. Alionekana hakuwahi kulifikiria kabla ya hapo.

"Aliniuliza," akasema.

Mama Kaunta akataka kubisha, akatafuta siku moja, moja tu, ambayo yeye alimuuliza mumewe jambo lolote zaidi ya unakula sasa au baadaye. Hakuipata. Alikuwa amekaa nyuma ya wavu muda wote anasubiri kuambiwa.

Kaunta isiyo na simu ni ndefu kukaa. Wateja walimuuliza kama imeharibika, akasema ndiyo. Lakini alianza kutoka kwenye kiti chake na kwenda kusimama ndani, karibu na mumewe, na kuuliza. Mwanzoni alipata miguno, akauliza tena. Hii ni ya nini? Mbona hii imeliwa upande mmoja? Fundi Bubu alikuwa anashtuka kila mara, kisha anajibu, mfupi, halafu mrefu kidogo. Siku moja akiwa amelala chini ya gari, miguu tu nje, Mama Kaunta akaikusanya nafsi yake yote akauliza lile lililokuwa halijamtoka moyoni, kwamba kwenye picha ile alikuwa anacheka nini mpaka pengo likaonekana.

Chini ya gari spana ikawekwa sakafuni.

"Aliniambia nisicheke," mumewe akasema.

Mama Kaunta akajishika mdomo. Akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akalazimika kuegemea gari, na chini yake akasikia na mwingine anacheka. Walikuwa bado katika hali hiyo simu ilipoanza kuita. Fundi Bubu akajisukuma akatoka, mikono yake yote miwili imelowa mafuta meusi mpaka viwikoni. Akaitazama mikono, akamtazama mkewe, kisha akamwinulia kifua, pale mfukoni ilipokuwa simu pamoja na kichupa chekundu.

"Pokea," akasema.

Akaitoa, na sauti akaitambua mara moja. Safari hii dada hakusalimia sana. Alisema amerudi, yuko njiani, na akauliza kama fundi yupo.

Ule wivu wa zamani ukampanda Mama Kaunta, mzima kabisa, haujapungua hata chembe. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa amekaa chini anamtazama.

"Yupo," akasema. "Njoo."